Namna Wahenga wa Wapolinesia Walivyovuka Pasifiki na Kuanzisha Makazi Visiwani: Mwongozo Kamili

Safari za wahenga wa Wapolinesia husimuliwa mara nyingi kana kwamba zilikuwa bahati tupu: dhoruba ilipeperusha chombo, na watu wakajikuta kisiwani. Mwongozo huu unazichukulia safari hizo kuwa kazi yenye msimu wake, zana zake, akiba yake na utaratibu wake, na unazifuata kwa mpangilio ambao kiongozi wa msafara angeufuata, kuanzia kuchagua mwezi wa kuondoka hadi kuvuna shamba la kwanza katika nchi mpya. Mfano mkuu ni njia ya kutoka Tahiti hadi Hawaii, umbali unaozidi kilomita 4,000, kwa sababu ndiyo njia iliyojaribiwa upya katika zama zetu kwa chombo cha muundo wa kale. Pale ambapo kisiwa kingine kinaeleza jambo vizuri zaidi, tutahamia huko.

Kabla ya kuanza: mpangilio wa nyakati

Watu waliozungumza lugha za Kiaustronesia walianza kutoka Taiwan kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, wakapitia Ufilipino, na yapata miaka 3,300 iliyopita walikuwa wamekwisha kufika visiwa vya Bismarck, karibu na New Guinea, ambako vyombo vyao vya udongo vyenye nakshi za vitone, vinavyoitwa Lapita, huchimbuliwa kwa wingi. Hadi mwisho wa Visiwa vikuu vya Solomon, baharia aliweza kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa bila kuvuka pengo kubwa. Baada ya hapo bahari inafunguka kwa zaidi ya kilomita 350, na hakuna dalili kwamba mtu yeyote alikuwa amelivuka pengo hilo kabla yao. Wao walilivuka, kisha wakavuka lingine la kilomita 800 hivi kati ya Vanuatu na Fiji, na miaka ipatayo 2,800 iliyopita walikuwa tayari Tonga na Samoa, ambako utamaduni wa Kipolinesia wenyewe ulikomaa.

Hapo walitulia kwa zaidi ya miaka 1,500. Halafu, katika karne chache tu baada ya mwaka 1000 hivi, walifika Tahiti na visiwa vinavyoizunguka, Marquesas, Hawaii, Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) na hatimaye New Zealand, ambayo ilipata wakazi katika karne ya 13. Ndugu zao wa mbali katika jamii ya lugha za Kiaustronesia walikuwa wameelekea upande mwingine kabisa, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Komoro na Madagaska. Na mirengu ya ngalawa zetu za Pwani ni ufundi ambao wataalamu wengi huuhusisha na ujio huo.

Hatua ya 1: Kuchagua upepo utakaokurudisha

Katika sehemu kubwa ya Pasifiki ya tropiki, upepo wa kudumu huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na visiwa visivyojulikana vilikuwa mashariki vilevile. Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kaskazi ya kumleta na kusi ya kumrudisha, ataona kwamba hali hiyo ni kikwazo. Kwa mvumbuzi ilikuwa usalama. Aliyekwenda mbisho alijua kwamba akikosa nchi atageuza omo, na upepo uleule uliomchelewesha utamrudisha nyumbani kwa kasi, kuelekea visiwa ambavyo mahali pake anapajua. Mwanaakiolojia Geoffrey Irwin wa Chuo Kikuu cha Auckland ndiye aliyeijenga hoja hii kwa ukamilifu, na kwa maoni yangu hakuna hoja nyingine inayoeleza mambo mengi kwa pamoja kama hiyo. Inaeleza hata mfuatano wa makazi: kwanza visiwa vya mashariki ambako kurudi ni rahisi, kisha Hawaii ambako chombo hukata upepo kwa ubavu, na mwishoni New Zealand, iliyo nje ya ukanda wa pepo za kudumu.

Swali linalobaki ni namna ya kwenda mashariki. Njia ya kwanza ni kubisha, lakini gharama yake ni kubwa. Chombo cha magamba mawili, yaani viwiliwili viwili vilivyofungwa sambamba, huweza kushika njia ya takriban digrii 75 kutoka upande upepo unakotoka, kwa hiyo ili kisogee kilomita 1 dhidi ya upepo hulazimika kusafiri karibu kilomita 4. Njia ya pili ni subira. Katika kiangazi cha kusini, pepo za kudumu hulegea na pepo za magharibi zenye mvua huingia kwa siku kadhaa mfululizo. Tupaia, kuhani na baharia wa Ra'iatea aliyejiunga na meli ya James Cook mwaka 1769, alimweleza nahodha huyo kwamba pepo za magharibi huvuma mwezi Novemba, Desemba na Januari, na kwamba watu wake walijua kuzitumia. Mwaka 1986 Hōkūleʻa, chombo cha zama zetu kilichoundwa kwa muundo wa kale, kilionyesha kwamba inawezekana kwa kutoka Samoa hadi Tahiti kikisubiri na kutumia pepo za magharibi.

Kanuni ya vitendo iliyofuata ni kwamba msafara wa kutafuta nchi haukuwa wa kuhamia. Chombo chenye watu wachache kilitangulia kikasonga mashariki kadiri akiba ilivyoruhusu, kikarudi, na wake, watoto na mbegu vilipakiwa tu baada ya mahali pa kwenda kujulikana.

Nadharia ya kupeperushwa ilijaribiwa kwa kompyuta mwaka 1973, pale watafiti walipoigiza safari nyingi mno za vyombo vinavyochukuliwa na upepo na mkondo. Matokeo yalionyesha kwamba chombo kisichoongozwa kisingefika Hawaii, Rapa Nui wala New Zealand kikitokea Polinesia. Safari ya mwaka 1947 kutoka Peru ya Thor Heyerdahl, Mnorwei aliyeamini kwamba Wapolinesia walitoka Amerika, ilionyesha kwamba chelezo cha magogo kinaweza kuelea hadi Polinesia, lakini lugha, mazao na vinasaba vya Wapolinesia vinaelekeza Asia.

Hatua ya 2: Kuunda chombo bila chuma

Fundi wa Kipolinesia hakuwa na msumari hata mmoja. Tezo zake zilikuwa za jiwe gumu la volkano au za gamba la chaza mkubwa, na miti yake ilijumuisha mtondoo na mshelisheli, ambayo yote miwili inajulikana katika Pwani yetu. Gogo lililochongwa lilikuwa msingi wa gamba la chombo. Juu yake ziliongezwa mbao zilizotobolewa matundu na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kwa ufundi ambao aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu atauelewa mara moja. Maungio yalizibwa kwa nyuzi za makumbi na utomvu wa mshelisheli. Mshono ulikuwa na faida kubwa, kwani chombo kilichoshonwa hulegea kidogo wimbi linapokiinua na hurudi katika umbo lake, ilhali kiungo kigumu hupasuka.

Kwa uvuvi wa karibu, gamba moja lenye mrengu mmoja lilitosha. Kwa safari ya kuhama, magamba mawili yaliwekwa sambamba na kufungwa kwa miti ya kukingama, na juu ya miti hiyo pakatandazwa jukwaa lenye kibanda. Muundo huo haupinduki kwa urahisi, hauhitaji shehena ya mawe ya kuutuliza, na hubeba mzigo mkubwa bila kuzama sana majini. Tanga lilisukwa kwa majani ya mkadi. Usukani ulikuwa kasia kubwa la tezi.

Mabaki ya vyombo hivyo ni adimu kwa kuwa mbao huoza, lakini yapo. Mwaka 1977 Yosihiko Sinoto alianza kuchimbua mbao za chombo kikubwa katika tope la kisiwa cha Huahine, na mwaka 2012 ubao wa urefu wa mita 6 ulifukuliwa na dhoruba huko Anaweka, New Zealand. Chombo hicho kilikuwa kikitumika yapata mwaka 1400, na ubao wake una kasa aliyechongwa.

Hatua ya 3: Kupakia shehena

Visiwa vya mbali vya Pasifiki havikuwa na karibu zao lolote la kulisha mji. Hapakuwa na muhogo, ndizi wala jimbi, na mamalia wa nchi kavu hawakuwapo isipokuwa popo mahali pachache. Mhamiaji alipaswa kuchukua kilimo chake chote, na kwa sababu hiyo mbegu zilikuwa shehena ya thamani zaidi chomboni baada ya watu wenyewe.

Vichwa vya majimbi, viazi vikuu, machipukizi ya migomba, vipande vya miwa, manjano, kava ya kutengenezea kinywaji, mforosadi wa karatasi wa kutengenezea nguo za magome, vibuyu na nazi vilipangwa kwa kuzingatia adui mmoja, yaani maji ya chumvi. Mshelisheli ulikuwa mgumu kuliko yote. Aina zilizopendwa hazina mbegu, hivyo zilisafirishwa kama machipukizi ya mizizi yaliyofungwa kwa majani na kuwekwa unyevu wa maji matamu wiki baada ya wiki, na kila kibuyu cha maji kilichomwagiwa mche kilipungua kwa mtu. Sioni kipimo kingine kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba safari hizi zilikusudiwa, kwa kuwa mtu aliyepotezwa na dhoruba akiwa uvuvini hawi na machipukizi ya mshelisheli miguuni pake.

Wanyama walikuwa watatu: nguruwe, mbwa na kuku. Panya mdogo wa Pasifiki alikuwa wa nne, na si wote wanaokubaliana kama alijipenyeza au alichukuliwa makusudi awe kitoweo.

Chakula cha njiani kilikuwa shelisheli lililochachushwa shimoni, ambalo hudumu muda mrefu mno bila kuharibika, pamoja na unga wa tunda la mkadi, samaki wakavu na nazi. Maji yalibebwa katika vibuyu na mianzi, na mvua ilikingwa kwa matanga.

Kiazi kitamu kinahitaji maelezo ya pekee. Asili yake ni Amerika, lakini kililimwa Polinesia ya mashariki kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Wapolinesia wa mashariki na watu wa Amerika Kusini walichanganya damu yapata mwaka 1200. Hivyo angalau mara moja bahari yote ilivukwa hadi bara la pili, na ingawa si lazima chombo kilichovuka kiwe cha Kipolinesia, ni wao walioonekana kuwa na vyombo vya kufanya hivyo.

Hatua ya 4: Kushika njia

Mwongoza njia hakuwa na dira ya sumaku wala ramani. Alikuwa na upeo wa macho, ambao aliugawa kichwani mwake katika sehemu zilizotajwa kwa majina ya nyota. Msingi wa elimu hiyo ni kwamba kila nyota huchomoza mahali palepale na kutua mahali palepale kwenye upeo, usiku baada ya usiku. Nyota iliyo chini karibu na maji huonyesha njia kwa muda mfupi. Ikipanda juu mno, baharia huiacha na kushika inayoifuata mahali palepale, mpaka alfajiri. Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitumia kujua msimu wa kulima, kilikuwa nyota za kalenda huko pia, na kuchomoza kwake kulifungua mwaka.

Elimu hiyo ilikuwa imebaki mikononi mwa wachache katika karne ya 20. Mmoja wao alikuwa Mau Piailug wa Satawal, kisiwa cha Mikronesia, aliyefundishwa na babu yake tangu utotoni. Tarehe 1 Mei 1976 aliongoza Hōkūleʻa, chombo cha mita 19 kilichoundwa na chama kilichoanzishwa Hawaii mwaka 1973, kutoka Maui hadi Tahiti bila chombo chochote cha kupimia, na tarehe 4 Juni kikaingia Papeete na kupokewa na maelfu ya watu. Chomboni walikuwamo pia nguruwe, mbwa, kuku na miche. Mwaka 1980 Nainoa Thompson, Mhawaii, alirudia safari hiyo kwenda na kurudi.

Kwa anayetoka Tahiti kuelekea kaskazini, kazi hiyo hugawanyika hivi.

Siku ya kwanza, angalia nyuma. Kabla kisiwa hakijazama, mwongoza njia hulinganisha vilele viwili vya milima na mwelekeo wa chombo, na kwa kuona vinavyotengana hujua mkondo unamsukuma upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Nafasi hiyo haipatikani tena mpaka mwisho wa safari.

Katika nusu ya kusini, upepo wa kusini-mashariki hukipiga chombo ubavu wa kulia. Mchana, jua husaidia asubuhi na jioni tu. Saa zinazobaki njia hushikwa kwa mawimbi marefu yatokayo mbali, ambayo hayabadiliki kwa kila mabadiliko ya upepo. Mawimbi mawili au matatu ya pande tofauti hupishana kwa wakati mmoja, na mwongoza njia huyatambua alfajiri, jua likiwa chini, kisha huhesabu kwa mwili namna chombo kinavyoinuka na kulala. Usiku wa mawingu mazito alijilaza chomboni ili ayasikie vizuri zaidi.

Karibu na ikweta, kaskazini yake kidogo, pepo hufa na mawingu hufunga. Hapa ndipo makosa hutokea, kwa kuwa chombo husimama lakini mkondo hausimami. Wakati wote mwongoza njia hukadiria mwendo kwa povu linalopita ubavuni, akajumlisha kasi, siku na mwelekeo, na jumla hiyo haiandikwi popote. Akilala usingizi mrefu, hesabu imepotea. Kwa hiyo hulala vipande vifupi.

Baada ya ukanda huo, upepo wa kaskazini-mashariki hupokea. Usielekeze omo Hawaii moja kwa moja. Shika mashariki yake kwa makusudi, upande upepo unakotoka, ili ukifika latitudo ya visiwa ujue bila shaka kwamba viko magharibi, kisha uteremke na upepo wa tezi. Anayelenga kisiwa chenyewe na kukikosa hajui ageukie upande gani.

Latitudo hujulikana kwa nyota. Siku hizi nyota Arcturus, ambayo Wahawaii huiita Hōkūleʻa, hupita utosini kwa mtu aliye Hawaii, na Sirius hupita karibu na utosi wa aliye Tahiti. Njia nyingine ni nyota zinazotua pamoja: katika latitudo ya Tahiti, Sirius na Pollux huzama baharini kwa wakati mmoja, na ukisogea kaskazini au kusini moja hutangulia. Nyota hujongea polepole katika karne nyingi, kwa hiyo jozi alizozitumia baharia wa mwaka 1100 si lazima ziwe hizi. Kanuni ndiyo ileile.

Hatua ya 5: Kukipata kisiwa kabla ya kukiona

Kisiwa kimoja ni kitu kidogo mno baharini, lakini dalili zake hukipanua. Visiwa vikuu vya Hawaii vimejipanga kwa kilomita 600 hivi, na ndege wake wakihesabiwa vinasimama baharini kama uzio wa wando unaomngojea samaki. Membe weupe huenda kuvua hadi takriban kilomita 200 kutoka nchi kavu, ilhali membe wa kahawia huishia karibu zaidi. Kinachotafutwa ni ndege anayelala nchi kavu, na kinachotazamwa ni saa: asubuhi hutoka kisiwani, jioni hurudi. Wakati wa kulisha makinda ndege huweza kwenda na kurudi mara kadhaa mchana, na baharia asiyejua msimu huo hudanganyika.

Mawingu ni shahidi wa pili, kwa kuwa hurundikana juu ya kisiwa kirefu huku mengine yakipita, na juu ya kisiwa cha matumbawe tumbo la wingu huweza kuonyesha rangi ya kijani ya maji ya ndani. Mawimbi ni shahidi wa tatu, kwani kisiwa huyakatiza na kuyarudisha. Usiku chombo kilichohisi nchi hushusha tanga na kungoja, maana mwamba haumtambui mgeni.

Hatua ya 6: Kuuvuka mwaka wa kwanza

Mahali pa kushuka paliamuliwa na mlango wa mwamba unaopitisha chombo na mto wa maji matamu nyuma yake. Siku hiyohiyo miche ilitiwa ardhini. Baada ya hapo, kalenda ya mazao ilitawala kila kitu: kiazi kitamu huvunwa baada ya miezi michache, majimbi huchukua miezi mingi au hata mwaka, mgomba mwaka mmoja hivi, na mshelisheli na mnazi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Nguruwe na kuku waliokuja hawakuliwa, kwa sababu walikuwa mbegu.

Pengo hilo lilijazwa na viumbe wasiomjua binadamu: kasa, ndege wa baharini waliotaga chini, samakigamba wa mwambani na, New Zealand, moa, ndege wakubwa wasioruka waliomalizika katika muda wa karne mbili hivi baada ya watu kufika. Chakula kilikuwa rahisi mwanzoni, na urahisi huo ulimaliza aina nyingi za ndege karibu kila kisiwa.

Shehena haikuota yote kila mahali. Rapa Nui walifuga kuku tu, bila nguruwe wala mbwa. New Zealand ilikuwa na baridi iliyokataa mnazi na mshelisheli, na nguruwe na kuku hawakujijenga huko. Kiazi kitamu kilinusurika kwa sababu wakulima walichanganya kokoto katika udongo ili upate joto, na wakahifadhi viazi katika mashimo yaliyofunikwa wakati wa baridi. Panya naye alistawi kila mahali. Mbegu alizozitafuna New Zealand zimepimwa umri, na za zamani kabisa ni za mwaka 1280 hivi.

Hatua ya 7: Kulinda njia ya kurudi

Kijiji kipya kilikuwa na vijana wachache wa kuoana, na mavuno mabaya ya mwaka mmoja yangeweza kukifuta. Kwa hiyo chombo kilirudi kuchukua watu zaidi, mbegu zilizokufa njiani na mawe ya tezo. Tezo iliyopatikana katika visiwa vya Tuamotu imetambuliwa kwa kemia ya jiwe lake kuwa ni ya Kahoʻolawe, Hawaii, umbali wa takriban kilomita 4,000.

Pale njia hiyo ilipokatika, ukubwa wa kisiwa ndio uliohukumu. Hawaii na New Zealand ziliweza kujitegemea. Tikopia, kisiwa cha kilomita za mraba 5 hivi, kilidumu kwa uamuzi mgumu: wakazi wake waliwaua nguruwe wote kwa sababu waliharibu mashamba. Pitcairn na Henderson zilitegemea vyombo vya Mangareva kwa ndoa na kwa gamba la chaza, na Mangareva ilitegemea jiwe la Pitcairn. Miti mikubwa ya Mangareva ilipopungua na biashara hiyo kukoma, visiwa hivyo viwili havikuwa na watu wa kutosha kuishi peke yao, na waasi wa meli Bounty walipofika Pitcairn mwaka 1790 hawakumkuta mtu.